Wanafunzi wapya wa Oktoba: kabla ya kuwaita kizazi, tazama mwaka waliomaliza shule

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo cha kati hapa Mtwara mjini. Tunatoa astashahada na stashahada, na kila Oktoba tunapokea wapya wapatao 300. Safari hii mkuu wa chuo ameniagiza niandike kurasa mbili za kuwaeleza wakufunzi "kizazi hiki kinawaza nini", maana malalamiko ni yaleyale kila mwaka: hawasomi, hawaulizi, simu haziwatoki mkononi. Nimesoma orodha za Wamarekani kuhusu Gen Z, naona hazituhusu. Nianzie wapi, na niandike nini kitakachomfaa mkufunzi akiwa mbele ya darasa?

Jibu: Salama, mwalimu. Nachukulia unaandika kwa ajili ya wanaoingia Oktoba 2025. Kwa mwaka mwingine, sogeza namba zote mbele.

Orodha iliyovuma kuliko zote ilianza 1998 katika chuo cha Beloit, jimbo la Wisconsin. Ron Nief na Tom McBride wa chuo hicho walikuwa wakiandika kila mwaka mambo ambayo kijana wa miaka 18 anayeingia chuoni ameyakuta yapo tayari, au hakuyawahi kabisa, ili mhadhiri asitoe mfano ambao darasa zima halijawahi kuusikia. Mwaka 2019 kazi hiyo ikahamia chuo cha Marist. Wazo ni zuri. Kasoro yake ni kwamba lilielemea upande wa kuchekesha, likawa linahesabu asiyoyajua mwanafunzi. Mkufunzi wako hapungukiwi chochote kwa kutojua kwamba darasa lake halijawahi kurudisha mkanda wa kaseti kwa kalamu. Anachopungukiwa ni kujua wamekuja na nini.

Jina la Gen Z nalo lina tatizo lake. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliweka mipaka ya 1997 hadi 2012. Kwa mipaka hiyo, mkufunzi wako msaidizi aliyezaliwa 1998 na binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana ni kizazi kimoja. Mkufunzi huyo alisoma sekondari wakati shule ya kutwa ya serikali inatoza ada ya 20,000 kwa mwaka, na michango juu yake. Binti hajawahi kulipiwa ada ya sekondari hata mara moja. Pew wenyewe mwaka 2023 walitangaza kwamba watayatumia majina hayo ya vizazi kwa tahadhari zaidi. Sisi tuliokopa tungekuwa na tahadhari kuwazidi.

Kila tabia unayoiona kwa wanafunzi wapya, iulize kwanza inatoka wapi kati ya sehemu tatu. Inaweza kuwa ya umri: kijana wa miaka 17 anachelewa kulala, anaogopa kuchekwa na wenzake, anapima mipaka ya kila sheria. Hata waliosoma sekondari ya Ndanda miaka ya themanini walikuwa hivyohivyo, na sasa ndio wanaolalamika. Inaweza kuwa ya wakati, yaani jambo linalotugusa sote, mkufunzi na mwanafunzi pamoja, kama vocha kupanda bei. Au inaweza kuwa ya rika: jambo lililowakuta wakiwa na umri fulani, likawaachia alama ambayo aliyewatangulia miaka mitano hana. Hii ya tatu peke yake ndiyo habari ya kizazi. Karl Mannheim, mwanasosholojia aliyeandika juu ya vizazi mwaka 1928, alisisitiza kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi. Sharti watu wawe mahali ambapo tukio liliwagusa kwa namna moja. Kwa Mtwara maneno hayo yana uzito, kwa sababu darasani utakuwa na mtoto wa Tandahimba na mtoto wa Kigoma, na mwaka mmoja huohuo haukuwafanyia jambo moja.

Anza na namba ya mtihani

Usianze kwa kuwauliza wanafunzi. Anza na orodha ya udahili uliyonayo ofisini. Kila mwombaji ana namba ya mtihani ya NECTA, na namba hiyo inakupa mambo mawili bure: herufi ya mwanzo (S ni mtahiniwa wa shule, P ni wa kujitegemea) na mwaka wa mtihani mwishoni. Panga majina yote 300 kwa mwaka huo. Ni kazi ya nusu siku kwenye kompyuta, na utashangaa jinsi "kizazi" chako kinavyogawanyika.

Kundi kubwa pengine litakuwa la waliomaliza kidato cha nne Novemba 2024. Wengi wao wamezaliwa 2007 au 2008. Kundi la pili ni la kidato cha sita Mei 2025 walioingia stashahada moja kwa moja, waliozaliwa 2005 au 2006. Kisha kuna mkia mrefu: waliomaliza 2019, 2020, 2021, wakakaa nyumbani, wakauza duka au wakalima, na wenye herufi P, waliorudia mitihani au kupitia njia mbadala. Mkia huu husahaulika kwenye maelezo yote ya kizazi. Wakati mwingine ni robo ya darasa, na ndio wenye watoto, wenye ndoa, wenye biashara ya kutazama jioni. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi shuleni, tegemea pia kina mama vijana katika makundi ya miaka ya karibuni. Hao huwatambui kwa kuwauliza hadharani, na usijaribu.

Ukishapata makundi, chora jedwali. Safu ziwe makundi, nguzo ziwe miaka, na kila kisanduku kijazwe darasa alilokuwa. Nakupa mawili makubwa.

Aliyemaliza kidato cha nne 2024 alianza darasa la kwanza 2014. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza Januari 2016, alikuwa darasa la tatu, kwa hiyo kwake hiyo ni hali ya kawaida. Alikuwa darasa la tano msimu wa korosho wa 2018, ambao nitaueleza mbele. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona alikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani, na akarudi darasani 29 Juni. Akaanza kidato cha kwanza 2021. Programu ya akili mnemba ya ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 alikuwa anafunga kidato cha pili.

Wa kidato cha sita 2025 alianza la kwanza 2012. Ada ilipoondoka alikuwa la tano. Korosho za 2018 zilimkuta amemaliza la saba anasubiri kidato cha kwanza. Korona ilimkuta kidato cha pili. ChatGPT ilitoka katika mwezi aliokuwa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Aliingia cha tano 2023, ada ya kidato cha tano na sita ikiwa imeshafutwa kwa bajeti ya 2022/2023. Baada ya mtihani, wengi wao wamepitia JKT, utaratibu uliorejeshwa 2013. Usishangae basi wakiwahi kuamka hosteli na kuwapa amri wale wa kidato cha nne. Ni msuguano wa wiki mbili tatu, lakini msimamizi wa hosteli auelewe asije akaufanya kesi.

Jedwali hili linakuzuia kosa moja la kawaida: kuandika "watoto wa korona" kana kwamba wote waliumia sawa. Mtoto wa darasa la saba aliyekaa nyumbani kijijini zaidi ya miezi mitatu akisikiliza vipindi vya redio, kama redio ilikuwa na betri, akaenda kufanya mtihani wa taifa mwaka uleule, ana pengo tofauti na wa kidato cha pili. Muulize mkufunzi wa hisabati ni mada zipi hufundishwa miezi ya Machi hadi Juni darasa la saba, kisha apime hizo tu katika jaribio la kuanzia. Maswali 10 yanatosha.

Oktoba ni mwezi wa mnada

Hapa ndipo orodha yako itatofautiana na ya chuo cha Arusha au Mbeya, kwa hiyo ipe nafasi kubwa.

Minada ya korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba au Januari. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, halafu pesa inaingia benki. Mfumo huo ulianza kutumika kwenye korosho 2007, yaani kundi lako kubwa lilizaliwa nao. Nyumbani kwao pesa ya mwaka haiji kidogokidogo, inakuja kwa mafungu baada ya mnada. Sasa wewe unamtaka mzazi huyo alipe ada na hosteli wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla fungu la kwanza halijaingia. Ana njia tatu: akope, auze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, Septemba kwa bei ya chini, au amlete mtoto wiki ya tatu. Mkufunzi akimwona mwanafunzi anaingia wiki ya tatu anaandika "hawa hawako makini". Kwa mtoto wa mkulima wa Newala, kuchelewa huko hakuhusiani na kizazi wala na umakini. Kalenda ya chuo na kalenda ya ghala hazijakutana.

La kufanya hapa liko juu ya uwezo wa mkufunzi, liko kwa mkuu wa chuo na mhasibu: mwanafunzi asajiliwe kwa sehemu ya kwanza ya ada, na sehemu kubwa ipangiwe kati ya Desemba na katikati ya Januari. Kwa wa Lindi wanaotegemea ufuta hali ni nyingine, kwani ufuta huuzwa katikati ya mwaka; hao Oktoba huja na pesa yote, ila Machi wanakauka. Mhasibu akijua zao la nyumbani kwa mwanafunzi, atajua mwezi wa kumbana na mwezi wa kumwacha apumue.

Mwaka 2018 una kisanduku chake. Novemba mwaka ule serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likashiriki kusomba, na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa kwa ajili ya uhakiki. Aliyekuwa anasubiri sare ya kidato cha kwanza Januari 2019 anaikumbuka sare hiyo ilivyopatikana. Usiweke hilo kwenye dodoso wala usilifanye mjadala wa siasa. Liweke kwenye maelezo ya mkufunzi wa biashara na uhasibu kama jambo ambalo darasa linalijua kwa ndani. Vivyo hivyo vurugu za gesi za 2013: kundi lako kubwa lilikuwa na miaka mitano au sita, wanazijua kwa kusimuliwa, na kila nyumba ina simulizi yake.

Mifano ya darasani ni mahali rahisi pa kuanzia. Mkufunzi wa ugavi akisimulia jinsi abiria walivyokuwa wakilala Rufiji kusubiri pantoni ya Ndundu, anasimulia historia. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, hakuna hata mmoja wa kundi kubwa aliyelala pale. Mwambie atumie Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika maeneo ya Somanga na malori yakasimama. Hilo waliliishi, waliona bei ya vitu dukani. Mkufunzi wa uhasibu anayetafuta mfano wa jumla, makato na kinachobaki, asihangaike na kampuni ya kubuni kutoka kitabuni. Karatasi ya malipo ya AMCOS iko ndani ya nyumba nyingi za wanafunzi wake, ina kilo, bei, makato na salio, na wamesikia wazazi wakiigombania mezani.

Ila muda wote kumbuka nusu ya darasa inaweza isiwe ya kusini. Kwenye jedwali ongeza nguzo moja: "mwaka 2018 alikuwa akiishi mkoa gani". Bila nguzo hiyo utaandika maelezo ya Wamakonde, na mwanafunzi wa Kagera atakaa nyuma akijiona mgeni mara mbili.

Simu anaijua, kompyuta hapana

Hili ndilo linalowapoteza wakufunzi wengi. Wanaona kijana anapitisha kidole kwenye kioo haraka kuliko macho, wanahitimisha kwamba teknolojia ni yake tangu kuzaliwa. Nenda hatua moja ndani.

Shule za sekondari haziruhusu simu. Aliyekaa bweni hadi Novemba 2024 amekuwa na simu yake mwenyewe kwa miezi kumi na moja tu anapofika kwako. Ile njaa ya simu unayoiona Oktoba ni ya mtu aliyekipata kitu juzi, na kwa sehemu kubwa hupungua muhula wa pili. Ukiandika "kizazi cha simu" umemhukumu kwa tabia ya mwaka mmoja.

Pili, laini huenda si yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole unataka kitambulisho cha NIDA, na NIDA huandikisha kuanzia miaka 18. Aliyezaliwa Desemba 2007 ataingia chuoni akiwa na 17, laini imesajiliwa kwa jina la mama au kaka. Ikipotea hawezi kuirudisha mwenyewe. Hapo hata namba za uthibitisho hazimfikii. Pesa ya matumizi inaingia kwenye jina la mtu mwingine, na wakati mwingine kaka anaijua namba ya siri. Kwenye fomu ya usajili ongeza mstari mmoja: "laini hii imesajiliwa kwa jina la nani". Na aliye chini ya 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo safari za mafunzo na hata dodoso lako vinataka ridhaa ya mzazi. Weka kipengele cha ridhaa kwenye barua ya kujiunga ili usihangaike baadaye.

Tatu, steshenari. Maombi ya chuo kwa sehemu kubwa hujazwa na mtu wa steshenari pale stendi. Yeye ndiye aliyefungua barua pepe, akaweka neno la siri, pengine namba yake ya simu pia, na pengine ndiye aliyependekeza kozi ya pili na ya tatu. Mwanafunzi alilipa, akapewa karatasi iliyochapwa, akaondoka. Mkufunzi akituma kazi kwa barua pepe ile, inasomwa stendi ya Masasi, kama inasomwa. Siku ya usajili weka meza moja yenye kompyuta mbili na mtu mmoja mvumilivu: kila mwanafunzi afungue barua pepe mpya kwa mkono wake, aandike neno la siri mwenyewe, aingie kwenye akaunti ya chuo na kubadilisha taarifa. Kadiria dakika 8 hadi 10 kwa mtu. Kwa wanafunzi 300 na kompyuta mbili ni saa 20 hadi 25 za kazi, kwa hiyo gawa kwa siku nne, usidhani utamaliza Jumatatu.

Halafu wape jaribio dogo kwenye chumba cha kompyuta: afungue ukurasa mpya, aandike mistari mitano, auhifadhi kwa namba yake ya usajili, autume kama kiambatisho. Dakika 15. Utakuta wanaoandika haraka kwa kidole gumba hawajui faili lilipokwenda baada ya kuhifadhi, kwa sababu kwenye simu hawajawahi kuulizwa. Asiyemaliza asiaibishwe, apewe saa sita za mafunzo ndani ya wiki mbili za mwanzo. Chuo kinachoruka hatua hii hupokea asaimenti kwa picha za WhatsApp hadi mwaka wa pili, kisha kinalaumu kizazi.

Kuhusu akili mnemba, wanaoingia sasa wameikuta sekondari, hata kama wengi waliitumia kwa simu ya kaka wakati wa likizo. Kukataza kwa tangazo hakutafika mbali. Mkufunzi aombe kazi zenye kitu cha Mtwara ndani yake, mathalani bei tatu alizoziuliza mwenyewe soko kuu na saa alizoziuliza, na amwite mmoja kati ya kumi aeleze kazi yake kwa mdomo kwa dakika tatu.

Hawaulizi, hawasomi

Kutouliza mara nyingi ni lugha. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, minne ya sekondari kwa Kiingereza cha kunakili ubaoni, na sasa anatakiwa aulize swali kwa Kiingereza mbele ya watu 80. Anyamaze tu. Ruhusu swali kwa Kiswahili, jibu lije kwa lugha zote mbili, na maswali yaandikwe kwenye vikaratasi dakika tano kabla ya kipindi kuisha. Kunyamaza huko kwa wengine kuna adabu pia: aliyelelewa kwamba mkubwa akizungumza hakatizwi hatakukatiza hata ukimsihi.

Kusoma ni suala la alichokuwa nacho. Amesoma kwa notisi na mitihani ya miaka iliyopita, kitabu kimoja kwa dawati. Ukimpa kurasa 40 na kumwambia "kasome", hajui aanzie wapi wala amalizie wapi. Mpe kurasa 6, maswali matatu, na siku ya kuulizwa. Faili la PDF lisizidi MB 2. Zaidi ya hapo bando litaamua kwa niaba yake.

Jambo moja la kusini lisemwe kwa upole. Wengi wa vijana wa huku wamepitia jando au unyago, na kwao na kwa jamii yao utoto ulishafungwa. Wakifika hosteli wanafungiwa geti saa mbili usiku na kuulizwa wamekwenda wapi. Usiandike kwamba hawana nidhamu. Eleza sababu ya sheria (usalama, bima, lawama kwa chuo), waambie kama watu wazima, na wape wenyewe nafasi ya kupendekeza saa ya wikiendi.

Dodoso, na linapoharibikia

Hadi hapa una jedwali na makisio. Sasa yapime. Karatasi moja, maswali yasiyozidi 12, kwa Kiswahili, bila jina. Ligawiwe siku ya pili ya wiki ya utambulisho, baada ya chai, dakika 15. Uliza matendo, acha maoni. "Je, una simu janja?" itakupa ndiyo za aibu. Afadhali hivi:

- Jana ujumbe wa mwisho uliupokea kwa simu ya nani?
- Wiki iliyopita ulinunua bando mara ngapi, la shilingi ngapi?
- Nani aliyejaza maombi yako ya chuo?
- Kozi hii ilikuwa chaguo lako la ngapi? Nani aliichagua?
- Pesa ya ada nyumbani inategemea nini, na huingia mwezi gani?
- Kitabu cha mwisho ulichokishika mkononi kilikuwa cha nani?
- Ukiugua usiku wa leo, utampigia nani kwanza?

Dodoso huharibika kwa njia tatu. Likigawiwa karibu na meza ya mhasibu au ya mikopo, kila mtu atakuwa yatima. Mikopo ya HESLB kwa baadhi ya kozi za stashahada ilianza 2023/2024, kwa hiyo wapo wanaoamini kila karatasi ni ya mkopo. Watangazie mapema kwamba hii si yake. Likisimamiwa na mwalimu wa nidhamu, hakuna atakayekiri chochote. Na likiwekwa mtandaoni, asiye na bando, yule hasa unayemtafuta, hatakuwemo.

Kuhesabu: karatasi 300 ni kazi ya watu wanne kwa saa tatu hivi. Ukishindwa, changanya karatasi zote, chukua kila ya tano, upate 60. Hesabu yako itaweza kupotoka kwa asilimia kama 11 kila upande, kwa hiyo tofauti ya 48 na 55 usiifanye habari. Ya 30 na 70 ni habari. Ongeza vikao viwili vya watu wanane wanane, wasichana peke yao na wavulana peke yao, dakika 45, akiongoza mwanafunzi wa mwaka wa pili na wewe usiwemo chumbani.

Kurasa mbili zenyewe

Kila aya iwe na vitu vitatu: jambo, ulilijuaje, mkufunzi afanye nini. Aya isiyo na la tatu, ifute, hata kama inapendeza. Mfano unaofaa: "Kati ya 60 tuliowahesabu, [namba] walijaziwa maombi na steshenari, na hawana neno la siri la barua pepe. Usitume kazi yoyote kwa barua pepe kabla ya Jumatatu ya wiki ya tatu. Tumia ubao wa matangazo na kiongozi wa darasa." Mfano wa kufuta: "Kizazi hiki kinapenda mambo ya haraka." Nani hapendi?

Anza na makundi ya mwaka wa kumaliza, kisha kalenda ya pesa, kisha kompyuta na lugha. Mambo ya muziki, mavazi na mitindo yaache kabisa; yatakuwa yamepitwa kabla karatasi haijatoka kwa mchapaji. Majina ya wanafunzi au habari inayomtambulisha mtu isiwemo, na ukishahesabu madodoso yachome, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata kabati lako la faili.

Wakufunzi wapewe kurasa hizo mwisho wa wiki ya pili. Zikitoka mapema zaidi zitakuwa na makisio bila namba. Kama chuo chako kina udahili wa Machi, usiwape wapya hao karatasi ya Oktoba: wengi wa Machi ni wa ule mkia mrefu, na pesa yao inatoka mahali pengine. Kwenye jedwali acha pia safu tupu ya 2028. Waliojiunga na mkondo wa amali kidato cha kwanza Januari 2024 watamaliza mwishoni mwa 2027, na watafika kwako wakiwa wameshashika vifaa ambavyo wakufunzi wako bado wanavifundisha kwa kuchora ubaoni.